Siku Niliyonyang'anywa Mwiko

Nakumbuka siku moja wanawake wa ukoo wangu waliponinyang'anya mwiko mbele ya wageni, nami badala ya kuushikilia nikaomba radhi. Mwanangu, makosa nimefanya mengi. Mengine nayacheka, mengine nilishayapeleka kwa padri yakaishia huko huko. Lakini hilo la kuomba radhi likinijia nikiwa nafua, nguo naikamua mpaka inalia.

Nakuandikia kwa sababu ya ile video uliyonitumia juzi. Umejifunga kitambaa kichwani, hujapaka hata poda, unalia, unawaomba watu wote wakusamehe kwa vile unavyomtesa dada wa kazi kwenye tamthilia. Umeniuliza, "Mama mkubwa, niirushe leo au nisubiri kesho?" Umesema wanakutukana kwenye simu usiku na mchana, na mwenye nyumba wako amekuambia utafute chumba kwingine kwa sababu hataki mtu katili kwenye uwanja wake. Na mama yako ameniambia hutaki kuja huku Jumamosi kwenye komunio ya mdogo wako, eti shangazi zako wamesema hutagusa chungu. Nimeitazama hiyo video mara mbili. Jibu langu ni refu, kwa hiyo usiirushe kabla hujafika mwisho wa maneno haya.

Wewe unanijua mimi wa sasa, mwenye miwani na goti bovu, ninayewafundisha vijana maigizo pale Majengo na kuwafokea wanaochelewa. Hukunijua nikiwa Bi Sikitu.

Nilianzia parokiani. Kila Ijumaa Kuu tuliigiza Mateso, na kwa miaka mitatu mimi nilikuwa yule kijakazi anayemtambua Petro penye moto. Maneno yangu yote yalikuwa sentensi moja. Mwaka wa tatu niliisema huku nimemkazia macho Petro wetu, fundi seremala mtu mzima mwenye wajukuu, naye akasahau kukana. Akakubali! Akasema ndiyo, nilikuwa naye. Padri alikasirika wiki nzima, ila mimi nilirudi nyumbani najua kwamba nina kitu.

Baadaye kikundi kimoja cha maigizo kilipita Songea kikanichukua kwenda Dar es Salaam, na kikundi hicho kikapata nafasi kwenye televisheni. Usidhani ilikuwa kama sasa, mna taa na mtu wa kuwapaka rangi. Tulirekodi kwenye nyumba ya kuazima. Mwenye nyumba akitaka kupika, tunasimama. Jogoo wa jirani akiwika, tunarudia. Nilikuwa sijafika hata miaka thelathini, nikapewa kucheza mwanamke mzima, mama wa kambo mwenye roho ngumu, Bi Sikitu. Wenzangu walikuwa wakijipaka vitunguu ili walie. Mimi sikuhitaji kitunguu, maana Bi Sikitu halii.

Alikuwa anafunga funguo za stoo kiunoni, juu ya kanga, zinalia akitembea. Wakati wa kupakua alikata tonge la ugali, akalifinyanga taratibu, akalitia kinywani mwake mwenyewe huku anamtazama yule mtoto wa kambo, halafu akafunika sufuria. Basi, chakula kimekwisha. Mwandishi hakuandika hilo la tonge wala hilo la funguo. Niliyaleta mwenyewe, na nilikoyatoa utakujua sasa hivi.

Watu walinichukia, mwanangu, chuki ya kweli. Muuza nyanya alinichagulia zilizooza huku ananitazama usoni. Hospitalini mwanamke alimfunika mtoto wake na kanga nisimwone. Mimi nilikuwa nafika nyumbani, nafunga mlango, nacheka peke yangu, kwa sababu nilijua maana yake. Ilikuwa sifa. Nilikuwa na kiburi wakati ule na laiti ningekishika vizuri.

Kisha baba akafariki. Kwenye maziko nilikwenda nikarudi, watu walikuwa kwenye majonzi, hawakuwa na muda na mimi. Nikarudi tena kwa arobaini. Katikati ya safari hizo mbili, kwenye tamthilia, Bi Sikitu alimtilia mama mkwe wake sumu kwenye mboga. Kule kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, kulikuwa na televisheni moja tu, ya dukani, inatumia betri ya gari, na kila Alhamisi kijiji kizima kilikuwa kinajaa pale.

Sasa lazima ujue desturi ya ukoo wetu, maana ninyi wa mjini mnapikiwa na watu wa kukodi. Siku za msiba mabinti wa marehemu hawagusi jiko, wanapikiwa na majirani. Siku ya arobaini ndiyo wanainuka wakawalisha waliowalisha. Binti anasonga ugali wa wageni kwa mkono wake. Binti akikaa pembeni siku hiyo, ni sawa na kusema yule marehemu hakuwa baba yake. Mama yako alikuwepo, bado yuko sekondari, anachambua maharage. Muulize.

Na siku hiyo huwepo mtani. Mtani wetu alikuwa Bi Somoe, Myao wa Tunduru aliyehamia Songea, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akiuza korosho Majengo. Tangu asubuhi alikuwa amevaa koti la baba, kofia ya baba, kashika fimbo ya baba. Alikohoa kikohozi chake hasa, kile cha vipande viwili. Akaingia kwenye banda la tumbaku akatoka anatikisa kichwa, anasema mwaka huu imekaushwa vibaya, kama baba alivyosema kila mwaka hata ikiwa nzuri. Akamwita mama yangu, "Mke wangu, chai iko wapi, au mpaka nife tena?" Mama alicheka. Kwa mara ya kwanza katika siku arobaini, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nilikuwa jikoni nje, nimejifunga kanga mbili, maji yamechemka, nimeshatia unga wa kwanza. Nilipoinua mwiko, mkono ukaja ukaushika.

Ulikuwa wa shangazi yangu Filomena, dada yake baba. Mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye nyumba yake Majengo, mtu wa kanisani, anayeogopwa na ukoo mzima.

"Lete hapa," alisema.

"Shangazi, hii ni zamu yangu."

"Zamu ya nini? Huo ugali ataula nani? Watu wote hapa wamekuona unatia sumu."

"Lakini ule ni mchezo, shangazi."

"Mchezo gani wa kuua mama mkwe?"

Na mwanamke mmoja nyuma yake akadakia, "Mimi nimeona kwa macho yangu, pale dukani, na mume wangu alikuwepo." Alisema kama anayeapa mahakamani. Wengine wakawavuta watoto wao. Mwiko ukaondoka mkononi mwangu, nikabaki nimesimama penye moshi na mikono mitupu, siku ya baba yangu.

Baba mdogo Kaspar akaniita walipokaa wazee na pombe yao ya komoni. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka siku ipite. "Binti," aliniambia, "ukoo unachafuka. Simama useme neno moja. Sema umekosa, sema kazi hiyo umeiacha. Yataisha hapa hapa."

Mwanangu, nilikuwa nataka kumpikia baba yangu ugali. Hicho tu. Nikasimama mbele ya wageni, nikapiga goti, nikasema, "Naombeni mnisamehe kwa yote niliyoyafanya. Kazi ile siifanyi tena."

Vigelegele! Shangazi alinirudishia mwiko mwenyewe, anatabasamu, kama mtu anayemrudishia mtoto pipi baada ya kumtia adabu. Nikasonga. Nilisonga ule ugali kwa nguvu zangu zote, jasho linatiririka, wanawake wananisifu jinsi ninavyougeuza. Na nitakuambia ukweli unaoniuma: nilijisikia mwepesi. Nilifurahi. Hiyo ndiyo hatari ya kuomba radhi kwa kosa ambalo hukulifanya, inapendeza mno siku ile ya kwanza.

Sahani ya kwanza alipewa mtani, kwa kuwa amekalia nafasi ya marehemu. Bi Somoe akanawa, akaitazama sahani, akaisukuma.

"Siuli," alisema.

Baba mdogo Kaspar akacheka kidogo. "Kama ni sumu, mtani, usiogope. Ameshaomba radhi."

"Sumu siiogopi. Siuli ugali wa mtu aliyejikana mbele za watu. Kawaomba radhi kwa kosa gani huyu? Kamuua nani? Nionyesheni kaburi nikalisomee dua."

Watu wakacheka. Ni mtani, wanajua leo ana ruhusa ya kusema lolote. Lakini yeye hakucheka.

"Mimi hapa tangu asubuhi nimevaa koti la marehemu. Nimekohoa kikohozi chake. Nimemwita mjane mke wangu. Mbona hakuna aliyenipigisha goti?"

"Wewe ni mtani, Bi Somoe," akasema baba mdogo. "Unacheza."

"Na huyu kule Dar es Salaam alikuwa analima?"

Hapo kicheko kikakatika. Bi Somoe akavua kofia ya baba, akaiweka kwenye goti lake, akanigeukia. Sauti yake ilikuwa yake sasa, si ya baba.

"Binti, zile funguo za kiunoni umezitoa wapi? Na lile tonge, mtu anakula yeye huku mtoto anamtazama, umelitoa wapi? Sema wewe. Ukishindwa kusema, basi kaa na ugali wako."

Mwanangu, nilikaa Majengo kwa shangazi Filomena miaka minne, nikisoma. Baba alikuwa akileta mahindi gunia kwa gunia kila mavuno ili binti yake ale. Stoo ilikuwa na kufuli, na funguo zilikuwa kiunoni mwa shangazi, zinalia akitembea. Jioni nilikuwa nakaa kwenye kibao kando ya jiko. Anakata tonge, analifinyanga, analila, ananitazama, anafunika sufuria. Nilikwenda shule na mapera ya jirani. Na Bi Somoe, aliyekuwa na meza yake ya korosho njiani, ndiye alikuwa akiniita kila asubuhi eti nimsalimie vizuri, nikisema shikamoo ananitilia korosho mfukoni. Sikumwambia baba kamwe. Niliona aibu, kana kwamba njaa ile niliiiba.

Kwa hiyo unaona nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimempigia goti mtu aliyeninyima chakula, nikamwomba anisamehe kwa kuonyesha jinsi alivyoninyima.

Bi Somoe alijua kila kitu na jina hakulitaja. Alikuwa na haki ya kulitaja siku ile, hakuna ambaye angemgusa. Aliniachia mimi. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au ukali, labda kwake yalikuwa kitu kimoja.

Nikasimama mara ya pili.

"Radhi niliyoomba naiondoa," nilisema. "Sijamuua mtu. Nimeonyesha mtoto anayenyimwa chakula na mtu mwenye funguo. Mtoto huyo namjua, amesimama mbele yenu. Alhamisi ijayo nitakuwa kazini. Anayetaka ugali wa baba yangu ale, asiyetaka auache."

Nilimtazama shangazi. Mkono wake ulikwenda kiunoni ukazikamata funguo, akazibana zisilie. Watu waliokuwa karibu naye waliuona mkono ule, na nadhani hapo ndipo walipoelewa, si kwa maneno yangu.

Bi Somoe akavaa kofia. Akakohoa vipande viwili. Akavuta sahani. "Mke wangu," akamwambia mama, "mboga mbona haifiki?" Akakata tonge akala. Mama akala wa pili, huku anatokwa na machozi, kwa sababu alikuwa hajui na sasa amejua. Wengine wakafuata. Wengine waliinuka wakaondoka, shangazi na baba mdogo Kaspar wakiwemo. Ugali wenyewe ulikuwa mzuri, nautetea mpaka kesho.

Nilirudi kazini Alhamisi ile, kama nilivyosema. Bi Sikitu nilimcheza miaka miwili zaidi, na sikumpunguzia kitu. Baada yake nilicheza mama mkwe, nesi mla rushwa, mganga, hakimu, na mara moja mtawa, lakini hakuna aliyeniamini kwenye utawa. Nilitukanwa miaka yote hiyo. Kuna mama alinisimamisha sokoni Kariakoo akanitukana mpaka wapita njia wakaweka mizigo chini wasikilize. Alipomaliza akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi anampakulia mtoto wa mumewe kwanza. Halafu akaondoka haraka kama mtu aliyeiba. Tuzo nilizopewa sijui ziko wapi, ila yule mama naweza kukuonyesha alikuwa amevaa kanga gani.

Shangazi Filomena hakusema nami miaka mingi. Na tangu siku ile ya arobaini hakuitazama tena ile tamthilia. Niliporudi Songea kuishi, alikuwa ameshazeeka, yuko Ruhuwiko kwa mwanawe, miguu haifanyi kazi. Nilikuwa nakwenda kumwona kila Jumapili baada ya misa. Usiniulize kwa nini. Ni dada yake baba. Nakwenda na uji kwenye chupa, naweka pale, hanywi. Nakaa, hanisemeshi, naaga, naondoka. Mimi ni mkaidi na ukaidi huo niliupata kwake.

Jumapili moja, bila kugeuka, akauliza, "Yule mtoto wa kwenye mchezo. Mwishowe alikula?"

"Alikula, shangazi."

"Akashiba?"

"Akashiba."

Machozi yakawa yanamtoka hata hayafuti. Kisha akasema, "Basi nipe na mimi huo uji." Nikammiminia, nikamnywesha kwa mkono wangu, mkono huu huu uliokiogopesha kijiji kizima. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba. Alimaliza kikombe, akaniomba kingine.

Sasa nikurudie wewe, mwanangu, na hiyo video.

Ukimkosea mtu kweli, ukimsema vibaya rafiki, ukimchelewesha mwenzako kazini, ukimfokea mama yako, kaombe radhi upesi, uso kwa uso, wala usijirekodi. Mimi mwenyewe nimeomba radhi za aina hiyo nyingi na bado zipo ninazodaiwa. Lakini kazi uliyoifanya vizuri, usiipigie goti. Wanaokutukana wamekuamini, na hakuna mwigizaji aliyewahi kupewa zaidi ya hapo. Katika hao wengi wanaokuandikia, yupo mmoja mwenye dada wa kazi anayelala jikoni chini, na huyo ndiye anayetukana kwa sauti kuliko wote. Ukimwomba radhi, umemwambia alale salama. Na yule binti aliyelala chini jikoni, akikuona unalia na kujikana, atajua kwamba hata kwenye mchezo hakuna wa kusimama upande wake. Mchukie unayemwigiza kama unataka, ila usimpunguzie. Mcheze mpaka mwenye funguo azibane zisilie. Na ukiona sifa zinakulevya, kumbuka ni wapi ulikotoa lile tonge, maana kila tonge tunalolitia kwenye mchezo lina mtu aliyelikosa.

Mwenye nyumba akikutoa, toka na kichwa juu. Kuhama kumewahi kuua nani?

Shangazi zako nimekwishazungumza nao. Nimewaambia Jumamosi ugali wa komunio utasongwa na wewe, nami nitakaa kwenye kigoda pembeni na goti langu bovu, nipewe sahani ya kwanza. Atakayeukataa wako ameukataa na wangu, na baridi ya Songea mwezi huu haimwonei huruma mwenye tumbo tupu.

Mungu wa baba zangu, na Mungu wa Bi Somoe aliyenisomea dua mpaka siku yake ya mwisho, akutie nguvu magotini yasikunjike ovyo. Akupe macho ya kumfanya Petro asahau kukana. Wakikuchukia kwa kazi nzuri, wakuchukie sana, na usiku ulale usingizi mzito kama mtoto aliyeshiba.

Ifute hiyo video. Panda basi la asubuhi. Mwiko nimeshauosha.